Uzoefu wangu: galaksi yangu ilichapwa kinyume, nikaambiwa niigeuze kichwa chini

Si kawaida yangu kulalamika hadharani, lakini jambo hili limenikaa rohoni tangu lilipotokea na sioni sababu ya kulinyamazia. Ninafundisha hisabati hapa Dodoma, na kwa miaka mingi nimetamani kuwa na picha mbili sebuleni, zikining'inia ubavu kwa ubavu: kichwa cha alizeti na galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, yenye mikono iliyojipinda. Duka moja la sanaa jijini Dar es Salaam lilikuwa likitangaza picha za anga zinazochorwa kwa kufuata mipangilio ya hesabu inayoonekana katika maumbile. Niliagiza mwaka jana, nadhani mvua zilikuwa bado hazijaanza, nikalipa fedha niliyokuwa nimeidunduliza kwa muda mrefu, na picha zikaletwa kwa basi zikiwa zimefungwa vizuri.

Nianze na alizeti, kwa sababu haki ya mtu hailiwi. Kila mbegu imechorwa kama nyota ya rangi ya dhahabu juu ya weusi mzito, na mchoraji amefuata kanuni aliyoiandika Helmut Vogel mwaka 1979: kila mbegu huzunguka takriban digrii 137.5 kutoka ile iliyoitangulia, na umbali wake kutoka katikati hukua kwa kipeuo cha pili cha namba yake. Nilichukua kijiti nikafuata mistari mmoja mmoja hadi ukingoni, nikapata 34 inayopinda upande huu na 55 inayopinda upande ule, namba zilezile nilizowahi kuzihesabu na wanafunzi wangu kwenye alizeti iliyotoka Singida. Hakuna mbegu iliyopotea. Nilisimama mbele ya picha ile hadi chai ikapoa mezani, na ningekuwa nimeagiza hiyo tu, leo ningekuwa naandika sifa.

Kisha nikafungua kifurushi cha pili. Nilikuwa nimeomba M51, na niliiomba kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo galaksi ya kwanza ambayo binadamu alitambua kuwa ina mikono iliyojipinda: mwaka 1845 William Parsons, anayejulikana zaidi kama Lord Rosse, aliitazama kwa darubini kubwa aliyoijenga nyumbani kwake Birr, Ireland, yenye kioo cha kipenyo cha mita 1.8 hivi, akaichora kwa mkono wake. Pembeni yake, kwenye ncha ya mkono mmoja, ipo galaksi ndogo iitwayo NGC 5195, na wanaanga wanaeleza kwamba mvuto wa hiyo ndogo una sehemu kubwa katika kuifanya mikono ya M51 ionekane dhahiri namna ile. Niliitafuta nisiione. Nilipoinamisha picha ndipo nikaikuta: turubai lilikuwa limekunjwa kuzunguka fremu ya mbao, na galaksi ndogo imeangukia kwenye mkunjo, nusu ubavuni na nusu nyuma, imepigwa pini mbili katikati ya kiini chake. Ni sawa na kumpiga picha bibi harusi ukamkata bwana harusi. Nilipoitazama zaidi nikaona kosa lililo kubwa kuliko hilo: picha nzima ilikuwa imechapwa kinyume, kushoto imekuwa kulia, kama unavyojiona kwenye kioo.

Likizo ilipofika niliibeba picha hadi dukani. Kijana wa kaunta hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Nilipomaliza kueleza akasema, "Mzee wangu, nyota ni nyota tu. Igeuze kichwa chini, itakaa sawa." Nikamwambia, "Mwanangu, kandambili ya kushoto hata uizungushe vipi sakafuni, haiwi ya kulia." Akacheka na mwenzake. Hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu duka linalouza hesabu za maumbile halipaswi kumcheka mteja anayetetea hesabu hizo. Ncha za mikono ya M51 huburutwa nyuma ya upande inakozungukia, kwa hiyo ukiigeuza kama kwenye kioo umeifanya galaksi nzima izunguke upande usio wake.

Nakiri kwamba nilipokuwa kwenye basi la kurudi nilijiuliza kama nimekuza mambo. Alizeti zipo zinazopinda upande huu na zinazopinda upande ule, na mtu ambaye angeitazama M51 kutoka upande wa pili angeiona hivyohivyo ilivyo kwenye turubai langu. Lakini hakuna mteja wao anayeishi upande wa pili! Sisi sote tunaitazama kutoka hapa. Tena sasa naona hata karatasi iliyokuja na picha imeandikwa kwamba galaksi imejengwa kwa namba ya dhahabu (takriban 1.618) kama alizeti, jambo ambalo si kweli. Mikono ya galaksi inafanana zaidi na foleni ya barabarani, ambayo hubaki ingawa magari, au kwa galaksi nyota, yanaingia na kutoka. Hayo yalielezwa na wanasayansi C. C. Lin na Frank Shu mwaka 1964, na jinsi mikono inavyojipinda hutofautiana kutoka galaksi moja hadi nyingine.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota moja kati ya tano. Nilipofika kwenye alizeti nikaona wanastahili nne, kwa sababu aliyeichora ni fundi hasa. Sasa nimerudi kwenye moja. Ukitaka kuagiza kwao, agiza alizeti. Ukitaka galaksi, sisitiza waache ukingo mtupu wa shubiri moja kila upande kwa ajili ya mkunjo, na udai kuona mfano kabla hawajachapa. Msimamizi alinipigia baadaye akasema watachapa upya kwa nusu bei. Nusu bei, kwa kosa lao wenyewe! Nimekataa. Nataka galaksi yangu bila kuongeza hata senti, ikiwa imeelekea inakoelekea, na ile ndogo ikiwa mbele ya turubai.