Uzoefu wangu: maonyesho manne ya galari ya chuo, kwa macho ya fundi fremu

Niseme mapema: mimi ni fundi fremu, si msanii wala mhakiki. Kibanda changu kipo Kinondoni, huu mwaka wa 22. Naishi kwa picha za mahafali, picha za harusi, aya za Kurani, Moyo Mtakatifu wa Yesu, na picha za Rais za maofisini. (Machi 2021 sikulala. Kila ofisi ilitaka picha mpya ukutani, na zote zilitaka wiki hiyohiyo.)

Galari ya chuo niliisikia tu mpaka mwezi wa tatu mwaka huu, alipokuja binti mmoja wa mwaka wa mwisho na michoro mitatu ameiviringisha ndani ya bomba la maji. Nikamtengenezea fremu, akalipa, akaniambia, "Baba, uje uzione zikishatundikwa." Nikaenda. Nikawa narudi mpaka msimu ulipofungwa mwezi wa saba. Kwa hiyo mnaposoma mjue kwamba fremu tatu za onyesho la kwanza zimetoka mikononi mwangu, na mtu hasemi vibaya kazi yake.

Chuo sitakitaja kwa sababu yapo nitakayolalamikia. Kipo hapahapa Dar. Kiingilio hakuna, unaandika jina kwenye daftari la mlinzi, unapita.

Nilianza kwa kukosea: nilienda siku ya ufunguzi. Kadi ilisema saa 9 alasiri. Mgeni rasmi akafika saa 11 kasoro, sisi muda wote huo tupo chini ya turubai kwenye viti vya plastiki, spika inatupigia masikioni. Alipofika ikaanza itifaki. Mkuu huyu asimame tumwone, mkuu yule asimame tumpigie makofi, kisha risala, kisha hotuba ya kujibu risala. Utepe ukakatwa, tukaingia wote kwa mkupuo kwenye chumba cha hatua zangu 20 kwa 12. Nilichokiona ni visogo na simu zimeinuliwa juu. Sambusa zilikuwa nzuri, haki yao nawapa, lakini picha sikuiona hata moja sawasawa. Zile zangu nilizitambua kwa kona tu.

Kama unataka kuona, nenda Jumanne au Jumatano ya wiki ya pili, saa 4 asubuhi. Chumba kinakuwa chako peke yako. Usiende mchana. Tangazo mlangoni linasema wanafungua saa 3 mpaka saa 11 jioni, ila mwenye ufunguo ni mmoja, naye anakula kama watu wengine. Mara mbili nimejibiwa "mwenye ufunguo ametoka kidogo", na hicho kidogo mara ya pili kilikuwa saa nzima na ushei.

Onyesho la kwanza, la wanafunzi wanaomaliza, lilikuwa gunia la kila kitu: picha za watu, mandhari ya Pugu, mitungi, televisheni moja kwenye kona yenye video ya miguu inayotembea (nilisimama nayo dakika tano, miguu haikufika popote). Kilichoniuma ni utundikaji. Walipanga picha zote zilingane kwa juu, kama picha za viongozi kwenye korido ya wizara. Picha ndogo ikawa inaning'inia juu ya paji la uso wako, kubwa inakushuka mpaka magotini. Sisi mafundi tunapima kwa katikati ya picha: iwe kwenye kimo cha macho, sentimita 150 hivi kutoka sakafuni, ndogo na kubwa sawa. Halafu michoro ya rangi za maji waliiweka ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Rangi za maji na jua ni maji na moto. Nikamwambia kijana wa zamu, akanionyesha kitabu cha wageni niandike. Nikaandika nusu ukurasa.

Onyesho la pili ndilo lililonirudisha mara nne. Walimu waliwapa wanafunzi kazi ya kuchora kwa masharti ya zamani ya tingatinga: hadibodi ya mraba yenye futi mbili hivi kila upande, rangi za kung'aa za kopo, zile za kupakia baiskeli, mnyama mmoja, nyuma yake rangi moja tu. Ndivyo alivyoanza Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, aliyeshika brashi mwaka 1968 akiwa Msasani na picha zake zikawa zinauzwa Oysterbay. Mwaka 1972 akapigwa risasi na polisi hapa Dar, wakimdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora, na leo huwezi kupita duka la watalii bila kukutana na tembo mwenye asili ya mkono wake.

Ukienda Slipway hapa Dar au Forodhani kule Unguja utaona tingatinga ya sasa ilivyojaa: twiga, mbuyu, ndege, jua linazama, mlima, vyote ubao mmoja. Sharti la mnyama mmoja liliwavua nguo wanafunzi. Hakuna pa kujificha. Waliokuwa wanaiga walionekana wanaiga. Elimo Njau, yule mchoraji wa Marangu aliyeanzisha galari ya Paa ya Paa kule Nairobi mwaka 1965, ana msemo wake kwamba kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Nusu ya ukuta wa kushoto, Mungu alikuwa anakoroma.

Lakini palikuwa na nyati mmoja. Hadibodi, kama kila fundi ajuavyo, ina uso laini na mgongo wenye alama za vijitundu kama chandarua. Mgongo tunaugeuzia ukutani, hakuna anayeuona. Wenzake wote walichora usoni. Huyu aligeuza ubao akachora mgongoni, ile rangi nzito ikakaa juu ya vijitundu, na nyati akawa na ngozi. Ukisogea karibu unaona vumbi la rangi ya kahawia limenasa kwenye kila kijishimo, ukirudi hatua tatu unaona mnyama aliyetoka kugaagaa matopeni. Pembe tu ndizo alizozisugua kwanza kwa msasa zikawa laini. Nimeshika hadibodi miaka 22 sikuwahi kufikiria upande wa nyuma una kazi zaidi ya kuficha misumari.

Maelezo ukutani sasa. Yote Kiingereza, herufi za ukubwa wa yale maandishi ya kwenye karatasi ya dawa. Babu mmoja alikuja kuona kazi ya mjukuu wake, akasogea, akavaa miwani, akavua, akaniuliza, "Mwanangu, hapa wanasemaje?" Nikamsomea kwa Kiswahili changu. Akasema, "Kumbe ndiyo hivyo tu?" Ndiyo hivyo tu, babu. Tingatinga wa Tunduru aelezwe kwa Kiingereza Dar es Salaam, hili sijalielewa mpaka leo, na kitabu cha wageni kilipata nusu ukurasa mwingine.

La tatu la vinyago nitalipita haraka kwa kuwa vinyago mnavijua. Zuri lake ni kwamba waliruhusu kugusa, na mpingo bila kugusa hujauona. Weka mkono chini ya kinyago cha mpingo halisi uinue: uzito wake unakushtua, mti ule ukitupwa majini unazama. Zile nguzo za ujamaa, watu wamepandana mabegani kuanzia chini hadi juu, wachongaji walikuwa wameacha sehemu za ule mti wa nje wenye rangi ya krimu, hawakuuondoa. Mwenye macho anajua hapo si mti mwingine uliopakwa kiwi ya viatu ufanane na mpingo. Safari ile dirishani palikuwa na pazia. Khanga mbili zimeshonwa pamoja, zimefungwa kwa kamba. Jua halipiti. Sikuuliza nani kasoma kitabu cha wageni, nilifurahi kimoyomoyo.

La mwisho lilikuwa la chapa. Kwa wasioijua kazi hii: mwanafunzi anachukua kipande cha linoleamu (lile tandiko laini la sakafuni), anakata mchoro kwa patasi ndogo, anapaka wino kwa rola, analaza karatasi juu, kisha anasugua mgongo wa karatasi kwa kijiko cha kulia wali mpaka wino ushike. Anatoa nakala kadhaa, kila moja anaiandika namba chini kwa penseli. Ukiona 4/12 ujue ni ya nne kati ya kumi na mbili. Safari hii picha zilitundikwa kwa kimo cha macho, zote. Nilipima kwa futi yangu.

Mmoja alikuwa amechonga daladala mvua inanyesha, konda ananing'inia mlangoni, shati limemgandia mgongoni, na matone yamekatwa kwa mikwaruzo mirefu ya patasi moja. Nikasogea kusoma kibao cha mbele. Siisomi. Nikainamisha kichwa. Ilikuwa MBAGALA R/3 – KARIAKOO, kinyumenyume, herufi zote. Mchoraji mwenyewe alikuwa amekaa kwenye stuli pembeni, nikamwita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii umeiandika hivi kwa makusudi?"

Akacheka, akaangalia chini. "Nilisahau, mzee wangu. Nilikata kama ninavyosoma, ikatoka imegeuka. Zote kumi na mbili ziko hivyo."

Nikainunua papo hapo, shilingi 60,000, kikawekwa kibandiko chekundu cha kuonyesha imeshauzwa. Na hapa ndipo lalamiko langu kubwa lilipo. Hela unalipa leo, picha unachukua onyesho likifungwa. Sawa, ndivyo ilivyo kwenye magalari. Lilipofungwa nikaenda: mhasibu hayupo, risiti haijaingizwa. Nikaenda tena: stoo imefungwa. Safari ya tatu nikapewa, na fundi yeyote angelia. Picha ilikuwa imeegeshwa stoo kwenye ukuta wenye unyevu, na aliyeitia fremu alikilaza kioo moja kwa moja juu ya karatasi. Kwa joto la Dar karatasi ikatoa jasho ikaganda kwenye kioo, kona ya chini ikaanza kuota ukungu. Kati ya kioo na karatasi lazima pawe na nafasi, hata ya kipande chembamba cha kadibodi kuzunguka pembeni. Sh. 500 ya kadibodi, ndiyo yote waliyokuwa wanaihitaji. Hakuna aliyeniomba radhi, zaidi ya kijana mchoraji mwenyewe, ambaye hakuwa na kosa. Mkinunua kazi pale, ombeni mchukue karatasi tupu, fremu mkatengenezewe kwingine, wala si lazima iwe kwangu.

Nilimaliza jioni mbili kuibandua kwa uzi wa kushonea, taratibu, kutoka kona nzima kuelekea iliyooza. Tairi moja la daladala lilibaki kwenye kioo. Nikaipa fremu mpya nikaitundika kibandani, kwenye ukuta unaotazamana na vioo vya kujitazamia ninavyouza.

Wiki iliyopita alikuja konda kununua kioo cha chumbani kwake. Akasimama mbele ya kikubwa, akarekebisha kola, mara akaguta kwa sauti ya kazini, "Mbagala Rangi Tatu!" Akageuka kuitazama picha yenyewe, akakunja uso, akarudi kwenye kioo, akacheka. Akaniuliza bei. Nikamwambia kioo elfu 15, picha haiuzwi.