Begi gani la kamera ununue ukiwa Moshi au Arusha, nimeyapanga kuanzia la kwanza mpaka la kukimbia

Mtu anajinyima miezi nane ananunua kamera ya milioni na kitu, afu anaitembeza kwenye kile kibegi cheusi cha bure alichoongezewa dukani, kile chembamba ambacho ukikiminya vidole vinakutana. Simcheki mtu maana nami nilianza hivyo hivyo. Napiga harusi, send-off, kipaimara na ubarikio, leo niko Moshi kesho Arusha, na mara moja moja napata kazi ya kupanda mlima au kuingia mbugani na wageni, na mpaka sasa nimeshamiliki mabegi sita. Mawili nimeyatupa, moja nimemgawia dogo anabebea madaftari.

Kabla hujauliza bei jiulize kwanza kamera unaikinga na nini. Wengi wanawaza mwizi na mvua, sawa, ila kwa huku kwetu vinavyoua kamera kila siku ni vumbi na mtikisiko. Ukitoka Ngorongoro kushuka kuelekea Naabi, geti la Serengeti, kiangazi lile vumbi ni kama unga wa sembe, linapita hata pale unapodhani pamefungwa, jioni ukikunja mkono wa shati linadondoka. Na bodaboda ndo usiseme, matuta ya mtaani yanaifanya lenzi igongane na bodi ya kamera siku nzima wewe unadhani umebeba vizuri. Mvua ina msimu wake, Machi mpaka Mei unajipanga. Vumbi halina likizo.

Kwa hiyo namba moja kwangu sio begi la kamera. Ni mfuko wa sponji wenye vyumba unaouchomeka ndani ya begi la kawaida la mgongoni, lile la shule au la laptop. Faida ya kwanza, hamna anayejua umebeba nini, unapanda Coaster ya Arusha umelipakata kama mwanafunzi wa chuo. Ya pili, vumbi lina milango miwili ya kupita badala ya mmoja. Ya tatu, begi la nje likichakaa unabadilisha begi tu, mfuko unabaki. Na unaweza kushonewa hapa hapa, ndo uzuri wake mkubwa.

Wangu nilishonewa Moshi na fundi wa mabegi. Nilimpelekea godoro la sponji nililonunua mwenyewe na akalikataa. Akaniambia, "Kaka, hii ikinywa maji hairudishi." Akachukua kikombe cha chai yake, akamwaga kidogo juu ya kipande, chai ikazama yote mle ndani. Afu akachukua kipande cha soli ya kandambili akamwaga tena, chai ikakaa juu kama kwenye jani la mgomba. Hapo nikaelewa. Sponji ya godoro ina matundu yaliyoungana, inanyonya, na ukiiwekea kamera ya kilo moja inabonyea mpaka chini. Unachotaka ni ile sponji ngumu isiyonyonya, ya soli za kandambili au zile matresi nyembamba wanazolalia wageni mlimani, Moshi hazikosi zilizotumika. Sentimita moja ubavuni inatosha, chini weka mbili maana chini ndo panapopigwa. Ndani mwambie avike kitambaa laini chenye manyoya mafupi ili kisikwaruze kioo, na vile vizuizi vya kati avishike kwa velkro ili uhamishe vyumba ukibadilisha lenzi. Nilimlipa 25,000 na sponji juu yangu, na huu ni mwaka wa nne.

Kosa moja nililofanya sikumpelekea kamera yenyewe, nilimpa vipimo vya kichwani. Mfuko ukawa mfupi, kamera ikiwa na lenzi haiingii mpaka niitenganishe, na ukitenganisha kila saa ndo unakaribisha vumbi kwenye sensa, kile kibao cha ndani kinachonasa picha. Nikarudi akafumua. Nenda nayo ikiwa na lenzi unayoitumia zaidi, tena na kile kikofia cha jua cha lenzi kikiwa kimegeuzwa. Ukiwa na ile lenzi ndefu ya kuvuta mbali, 70-200 ya f/2.8, jua ni kitu cha karibu sentimita 20 na kilo moja na nusu, inataka chumba chake peke yake, usiibane na flashi.

Namba mbili, begi la mgongoni la kamera lenyewe. Ukiwa na bodi mbili, lenzi tatu, flashi na laptop hapa hamna ujanja, mfuko wa fundi hautoshi. Kampuni ya Lowepro wanatengeneza tangu 1967 na mengi ya zamani yao yanatua kwenye mitumba, hata ya Kijapani yasiyojulikana jina yapo mazuri sana. Pita soko la Memorial ukiwa Moshi siku wanayofungua mzigo, au soko la Kilombero ukiwa Arusha, asubuhi kabla wachambuzi hawajakuwahi. Ila mitumba ya mabegi ya kamera ina ugonjwa mmoja ambao muuzaji mwenyewe haujui kwa hiyo usimlaumu. Sponji ya zamani inaoza. Nje begi linang'aa, zipu inapita kama siagi, ndani kile kitambaa cha ukuta kimeshaanza kuachia unga mweusi unaonata. Mimi niliwahi kulikuta moja zuri, mama akaniambia "Chukua mwanangu, hili la Ulaya, kwa 15,000 nakuachia," nikaingiza mkono nikasugua kona ya chini kwa dole gumba, likatoka na chenga kama za mkate ulioungua. Zile chenga zikifika kwenye pete ya lenzi au kwenye kioo cha sensa utamlipa fundi wa kamera kuliko bei ya begi. Basi sugua kona, bonyeza uone kama inarudi, nusa. Ikinuka kama raba iliyoachwa juani, shukuru uondoke.

Zipu ifungue na kuifunga mara kumi hapo hapo, hasa kwenye kona, kwa sababu zipu haifi katikati inafia kwenye kona. Ukiona imeandikwa YKK, jina la kampuni ya zipu, ni dalili njema ila wanaobandika jina nao wapo. Na zipu ikianza kukwama kwa vumbi usipake mafuta ya kula kama nilivyomuona mtu, mafuta yanakamata vumbi zaidi, chukua kipande cha mshumaa mkavu upake kwenye meno.

Rangi sasa, watu wanacheka nikisema hili. Ukiwa unaingia mbugani epuka begi jeusi au la bluu iliyokoza, mbung'o wanazipenda rangi hizo, Tarangire watakufuata wewe na begi lako wawaache wenzako wa kaki. Na yale ya mabaka mabaka ya jeshi hata yauzwe bei ya kutupwa achana nayo, raia kuonekana na vitu vya mfano wa sare ya jeshi ni kujitafutia kesi bure.

Namba tatu, begi la bega. Hili ni la ukumbini tu. Harusi inakwenda mbio, MC ameita keki, bibi harusi anainuka, huwezi kuvua begi la mgongoni kutafuta lenzi. La bega unafunua unachomoa. Shida yake ni mgongo, ukishapita kilo nne kwa saa sita kesho yake bega moja limeshuka. Na kwenye pikipiki linazunguka linakuja mbele ya dereva, hatari.

Namba nne, sanduku gumu la plastiki aina ya Pelican, na najua hapa nitabishiwa maana wengi wanaliweka la kwanza. Kwa ulinzi mtupu hamna linaloligusa, sikatai. Yakiandikwa IP67 maana yake 6 ni vumbi haliingii kabisa na 7 ni kwamba linakaa majini mita moja kwa nusu saa. Lina hata kitundu cha kupumulia hewa, maana ukilifunga juu huko hewa nyembamba ukalifungulia Moshi mfuniko ungegoma. Lakini Pelican 1510, ile saizi wanayoingia nayo kwenye ndege kubwa, tupu tu inazidi kilo 5. Nani atakubebea? Mlimani mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, huwezi kumpa kilo tano za plastiki. Na zile ndege ndogo za kutoka uwanja wa Kisongo, Arusha, kwenda Seronera ndani ya Serengeti kawaida wanataka kilo 15 kwa mtu na begi laini linalobonyea kwenye kimlango cha mizigo, ukitokea na sanduku unaanza kubembeleza. Afu linapiga kelele "nimebeba hela". Kama una Land Cruiser yako na kazi ya video ya siku kumi, nunua macho yamefumba. Kama usafiri wako ni boda, pita.

Namba tano, kile kipochi cha pembetatu cha kamera moja, ndo kilichoniumiza. Kizuri kwa kutembea, hasa mlimani kinakaa kifuani, na betri unazitoa uziweke ndani ya koti maana usiku wa kuelekea kileleni baridi inazimaliza hata hujapiga. Ila vyote vinaning'inia kwenye kindoano cha plastiki. Changu nilikinunua kwenye duka moja mjini, kipya kabisa, wiki ya tatu niko nyuma ya boda Kijenge tukaruka tuta, nikasikia *tak*, nikageuka naona kamera yangu inabingirika nyuma ya daladala. Boda akaniambia pole, mimi hata sauti sina. Filta, kile kioo cha kinga cha mbele ya lenzi, ilipasuka vipande vipande na pete yake ikapinda, lenzi ikapona kwa sababu ya hiyo filta. Ukikinunua, ndoano iwe ya chuma, na mkanda wake uvushe ndani ya mkanda wa suruali pia.

La mwisho, kava la ngozi lile la kifahari la kubana. Picha zake zinapendeza. Ngozi inashika unyevu, ukiifungia kamera humo masika yote kabatini utakuta ndani ya lenzi kuna utandu kama wa buibui, huyo ni fangasi, akishakula vioo vya ndani kusafisha ni kazi ya fundi na alama inabaki. Begi lolote ukifika nyumbani liache wazi, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usitupe, weka viwili vitatu humo ndani. Ila ukitoka kwenye baridi kali fanya kinyume, liache limefungwa lipate joto pole pole, vinginevyo kamera inatoka jasho kama soda.

Kuhusu mvua, zamani tulikuwa tunavika mfuko wa plastiki, rambo, tangu Juni 1, 2019 rambo hamna, kwa hiyo ulizia begi lenye koti lake la mvua kwenye mfuko wa chini, na lijaribu kulivalisha hapo hapo dukani maana mengi yanafika yakiwa bila koti. Likikosekana, kofia ya kuogea inafunika kamera na lenzi fupi, na ndani ya begi weka foronya safi. Ukilazimika kubadilisha lenzi ndani ya gari lenye vumbi, ingiza mikono yote miwili ndani ya hiyo foronya pamoja na kamera, ubadilishie gizani kwa kupapasa. Wageni watakushangaa, waache.

Kama una kile kikamera kidogo cha mfukoni, yote haya hayakuhusu. Soksi ya sufu na kikopo cha miwani.