Bendi ya ridhaa inayojua kuchezesha watu
Jamani hii bendi nimeipenda, hawalipwi lakini saksafoni 5, tarumbeta 4 na tromboni 4 zikiingia kwa pamoja unazisikia mpaka kifuani. Halafu wanapigia wachezaji kwelikweli, sio watu wa kukaa na kusikiliza tu, mpiga dramu macho yote kwenye miguu ya watu na mwendo haumkimbii hata kidogo, ndo mambo ya Savoy Ballroom, ule ukumbi wa dansi pale Harlem, New York, uliofunguliwa 1926, enzi za Chick Webb anaongoza bendi huku anapiga dramu na watu wanacheza dansi ya Lindy Hop. Tarumbeta sehemu zingine zilipotea sauti kidogo na mapumziko yalikuwa marefu mno, mwili ukapoa. Ila waliporudi na zile za taratibu, wazee kwa vijana wote wakajaa uwanjani.