Kituo kidogo cha hali ya hewa baada ya msimu mmoja wa joto na radi Lubumbashi

Mwishoni mwa Agosti, kabla ya joto kuanza, nilinunua katika duka moja la mjini kituo cha hali ya hewa cha nyumbani kwa dola 145. Mwenye duka alikuwa amekitundika ukutani akidhani ni saa. Tangu tarehe 1 Septemba hadi mwisho wa Februari nimesoma vipimo vyake mara tatu kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku, nikaviandika katika daftari lile lile ambalo kwa miaka minne nimeandikia kipimajoto cha kioo kinachoning'inia barazani. Chapa yake sitaitaja, kwa sababu mashine za namna hii, zenye kioo cha kusomea ndani ya nyumba na mkono mmoja wa plastiki nje uliobeba vipimo vyote, hazitofautiani sana. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa joto na mgandamizo wa hewa inastahili bei yake, kwa mvua kubwa, ambayo ndiyo hasa mtu wa hapa hutaka kuipima, isiaminiwe peke yake.

Siku ya kwanza ilinitisha. Nilipoiwasha ilionyesha mgandamizo wa hektopaskali 879 (hektopaskali ni kizio cha mgandamizo wa hewa) na picha ya wingu jeusi, ilhali nje hapakuwa na wingu hata la kuombea. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa iliyobaki juu yako inavyopungua uzito. Kipimo chenyewe kilikuwa sahihi. Mashine ndiyo iliyodhani iko pwani, na kwa mtu wa pwani 879 ni habari ya kukimbia nyumba, maana mgandamizo wa chini kabisa kuwahi kupimwa kwenye usawa wa bahari ni 870, ndani ya kimbunga Tip katika Pasifiki mwaka 1979. Anayenunua aingize mwinuko wa mahali pake kabla ya jambo lingine lolote. Katika kitabu cha maelezo habari hiyo imefichwa karibu na mwisho.

Hata baada ya marekebisho hayo, picha ya utabiri iliendelea kutangaza mvua karibu kila alasiri ya Septemba, mwezi ambao vumbi jekundu lilikuwa bado linatawala lupangu, yaani kiwanja cha nyumba yetu. Hapa kosa si la kiwanda kimoja. Katika nchi za joto mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kama bahari inavyojaa na kupwa: hufika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Ulaya mwendo huo wa kila siku ni mdogo, na mgandamizo ukishuka huwa ni dalili ya hali mbaya inayokaribia. Mashine iliyofundishwa kufikiri hivyo, ikiletwa kwetu, huona dalili hiyo kila siku baada ya chakula cha mchana. Jirani yangu, mama anayeuza unga wa mihogo, alikuwa akipita langoni na kuniuliza, "Papa, ile mashine inasema nini leo? Nianike?" Baada ya wiki mbili za mvua zisizokuja, aliacha kuuliza, na mimi nikabandika kipande cha karatasi juu ya picha hiyo.

Joto linahitaji uvumilivu wa kutafuta mahali. Kwanza niliufunga ule mkono kwenye ukuta wa nyuma, kama mchoro wa kitabu unavyoonyesha, na mchana mmoja wa Oktoba ukaniandikia digrii 39.4 wakati kipimajoto cha baraza, kivulini, kilisoma 34.1. Ukuta wa sementi ulikuwa umehifadhi jua la asubuhi nzima, mabati yalikuwa juu, na mbabula, jiko letu la makaa, haikuwa mbali. Kanuni ya wapimaji ni kwamba hewa ipimwe kivulini, mahali penye kupitisha upepo, kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi yenye majani. Fundi alinichomea bomba la chuma, tukalisimika katikati ya nyasi kwenye mita 1.7, na tofauti ikashuka hadi nusu digrii. Vumbi hilo jekundu lilipopaka zile sahani nyeupe zinazokinga kihisi, tofauti ilianza kukua tena, kwa hiyo kila Jumamosi nazifuta kwa kitambaa chenye maji.

Sasa mvua. Mvua ya kwanza iliyolowesha ardhi ilinyesha usiku, na asubuhi mashine ilisema milimita 0.0 huku viatu vya watoto vikielea uani. Nilipofungua faneli nilikuta imejaa mabawa na miili ya inswa, kumbikumbi wetu, waliovutwa na taa ya baraza. Kipande cha wavu wa dirishani kimetatua jambo hilo, na ni aibu kwamba wavu kama huo haukuja ndani ya boksi.

Tatizo la pili halina wavu. Ndani ya faneli mna vijiko viwili vilivyoungana kama pembea: kimoja kikijaa hulala na kumwaga, kingine huinuka, na kila kulala mashine huhesabu milimita 0.3. Maji yanayoanguka wakati vijiko vinapogeuka hayahesabiwi sawasawa, na kadiri mvua inavyokuwa kali ndivyo yanayopotea yanavyoongezeka. Kwa sababu hiyo niliweka kando yake kipimo cha mkono, yaani faneli ya kipenyo cha sentimita 20 juu ya bidoni, yaani dumu, la lita tano. Eneo la mdomo wake ni sentimita mraba 314, hivyo kila mililita 31.4 za maji ni milimita moja ya mvua, na milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba ya ardhi.

Tarehe 24 Novemba, saa tisa na dakika ishirini alasiri, niliona uzuri wote wa mashine hii na udhaifu wake wote kwa pamoja. Upepo ulitangulia, ukatikisa mwembe hadi maembe mabichi yakagonga mabati. Katika dakika ishirini joto lilishuka kutoka digrii 33.4 hadi 21.9, na mgandamizo ukaruka juu kwa hektopaskali 2, jambo ambalo kipimajoto changu cha kioo na daftari langu visingelikamata kamwe. Umeme ulikatika mara moja, lakini betri zilitunza kumbukumbu. Mvua ilipokwisha nilipima maji ya bidoni kwa chupa ya kunyonyeshea ya mtoto: chupa saba za mililita 250, na 100 juu yake. Hiyo ni milimita 58.9. Mashine iliandika 47.1, yaani moja ya tano ya mvua ilikuwa imepotea. Wiki iliyofuata, katika manyunyu ya usiku kucha, nilipata mililita 250, ambazo ni milimita 8 kasoro kidogo, na mashine ikasema 7.8. Kwa mvua ya utaratibu, basi, haina kosa.

Upepo sitausemea sana. Kipimo chake kingestahili kuwa mita kumi juu, lakini kimefungwa kwenye mkono mmoja na kipimajoto, kwa hiyo ndani ya ukuta wa lupangu kinapima upepo wa ukuta. Paneli ndogo ya jua kitabu kinaagiza ielekezwe kusini, agizo la Ulaya. Hapa, isipokuwa kuanzia karibu tarehe 24 Oktoba hadi katikati ya Februari, jua la saa sita huwa kaskazini mwetu, na paneli ielekezwe huko.

Atakayenunua, na atafute aina yenye vipimo vilivyotengana, hata ikizidi bei kidogo. Nilirudi dukani mwezi wa Januari kuiulizia. Mwenye duka hana, ila amebakiwa na moja kama yangu, ambayo bado imetundikwa ukutani. Ameichagulia nchi ya Kongo, nayo ikachukua saa za Kinshasa, zilizo nyuma ya zetu kwa saa moja, na wateja wake wote wanaondoka wakiamini wamewahi kwa saa nzima.