Intaneti ya Njia Mbili: Ununue Kifaa Kipi Kwanza

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kaskazini mwa Durban, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi kadhaa jirani. Intaneti ya njia mbili, yaani kuwa na huduma mbili ili moja ikifa nyingine ibaki, haikuwa kinga ya uhakika siku hiyo: mtu mwenye faiba ya kampuni moja na laini ya simu ya kampuni nyingine angeweza kuona zote mbili zikizorota pamoja, kwa sababu alilipia huduma mbili zinazotokea nje kwa njia ile ile. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya kifaa chochote, waulize watoa huduma wako njia zao zinapita wapi: nguzo zipi, mnara upi, mkongo upi. Usipopata jibu la maana, na mara nyingi hutalipata, angalau changanya aina za njia: faiba pamoja na laini ya simu, au, kwa aliyeko Kenya ambako Starlink ilianza kutoa huduma Julai 2023, faiba pamoja na satelaiti.

Jua pia kwamba madukani jina hilo moja la njia mbili hubeba kazi tatu tofauti. Ya kwanza ni akiba, ambapo njia ya pili inasubiri ya kwanza ife. Ya pili ni kugawa mzigo, ambapo kompyuta hii inapita huku na ile kule, lakini faili moja linaloshuka hubaki kwenye njia moja, kwa hiyo njia mbili za kasi ya Mbps 20 hazishushi faili moja kwa Mbps 40. Ya tatu ni kuunganisha njia, ambapo pakiti, yaani vipande vidogo vya data, za mazungumzo yale yale hupita njia zote kwa pamoja na kukusanywa upya kwenye seva, kompyuta ya mbali iliyo upande wa pili. Hii ya tatu peke yake ndiyo inayoweza kuokoa mkutano wa video njia moja inapokatika, kwa kuwa anwani ya IP, namba inayokutambulisha mtandaoni, inayoonekana nje ni ya seva hiyo na haibadiliki.

Nimepanga machaguo matano kwa nafasi. Kwa nyumba na ofisi ndogo, ninaweka nafasi ya kwanza ruta ya kawaida yenye milango miwili ya WAN, yaani ya kuingizia intaneti, kama TP-Link ER605 au MikroTik hEX. Bei yake inavumilika, haina ada ya mwezi, na mtu mmoja anaweza kuifunga kwa mchana mmoja. ER605 ni rahisi kwa asiye fundi, ilhali MikroTik inampa fundi uhuru mkubwa pamoja na nafasi kubwa ya kukosea. Kosa ninalolikuta mara kwa mara ni ruta kupangwa ipime lango la jirani tu, yaani kifaa cha kwanza inachounganishwa nacho. Taa ya kisanduku cha faiba inawaka kijani, lango linajibu, lakini nje hakuna kinachopita, na ruta inakaa pale pale ikiamini mambo ni shwari. Ipangie ipime anwani ya mbali kwenye intaneti. Siku ya kukabidhiwa kazi usikubali fundi achomoe waya wa mtandao ulio kati ya ruta na kisanduku, kwa sababu mlango ukizimika hata ruta mbovu itagundua. Mwambie achomoe ule waya mwembamba wa faiba wenye kichwa cha kijani, kisha hesabu sekunde. Simu ya video itakatika na utalazimika kuipiga upya, na hilo si ubovu wa kifaa. Ukiwasha kugawa mzigo, benki na tovuti nyingine zinaweza kukutoa kwenye akaunti zinapoona anwani yako inarukaruka, kwa hiyo kwa wengi akiba peke yake inatosha.

Ya pili ni Speedify, kwa mtu anayefanya kazi peke yake kwenye kompyuta mpakato au simu. Ni programu ya kulipia inayounganisha Wi-Fi na data ya simu kupitia seva za kampuni yenyewe, bila kununua ruta mpya. Ina hali ya kutuma kila pakiti kwenye njia zote mbili, ambayo ni tamu wakati wa mahojiano ya kazi na chungu kwa bando, kwani data ile ile hulipiwa mara mbili.

Nafasi ya tatu naipa OpenMPTCProuter, programu huria unayoiweka kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi na kuiunganisha na seva ya kukodi. Inategemea MPTCP, teknolojia ya kupitisha mawasiliano yale yale kwenye njia kadhaa, ambayo Apple iliitumia kwa Siri mwaka 2013 na ambayo iliingia rasmi katika Linux mwaka 2020. Tovuti nyingi bado haziielewi, ndiyo maana seva ya katikati inahitajika. Kodi seva iliyo karibu, Nairobi au Johannesburg, kwa kuwa ikiwa Ulaya kila ombi litasafiri hadi huko kwanza, hata la tovuti iliyoko Dar es Salaam. Kama hakuna wa kuitunza nyumbani, iache.

Peplink, ruta ya kibiashara yenye mfumo wa kuunganisha njia uitwao SpeedFusion, ndiyo bora kuliko zote kiufundi, na nimeishusha hadi ya nne kwa sababu ya bei ya kifaa na leseni zake tu. Kituo cha redio kinachorusha matangazo kutoka uwanjani kitaona thamani yake. Duka la dawa halitaiona.

Ya mwisho ni ruta ya laini mbili za simu inayouzwa kama suluhisho la yote. Nyingi zina modemu moja ndani, yaani kifaa kimoja tu cha kuwasiliana na mnara, kwa hiyo laini moja hufanya kazi huku nyingine ikilala, na kubadilishana kwake huchukua muda mrefu kuliko unavyodhani.

Kwa wanaochagua ya pili au ya tatu wakiwa Tanzania, kumbukeni kwamba mifumo hii hupita ndani ya VPN, yaani njia iliyofungwa kupitia seva nyingine, au kitu kinachofanana nayo, na mnamo Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao, kwa hiyo ofisi ishughulikie hilo kabla ya kulipia. Na katika bajeti ile ile tengeni fedha ya betri ya ruta na ya kisanduku cha faiba, maana umeme ukikatika vyote viwili huzimika kwa pamoja.