Jozani: msiishie kwenye kima tu, vukeni na mikokoni

Miaka yote tunapita pale msitu wa Jozani, hapa Unguja, na gari tukienda Paje, tunaambizana tu "hapo ndo kwa kima" halafu hao tunakwenda zetu. Jumapili nkasema leo tunashuka, nikawachukua watoto wa dada angu, daladala toka Darajani, kama kilomita 35 hivi.

Njia ya msituni fupi lakini ina ubaridi mzuri, mitondoo imefunga juu, chini mikindu na michikichi, na ardhi majimaji kwasababu maji yako karibu mno chini. Mbu wapo, vaeni mikono mirefu.

Kima punju tuliwakuta upande wa mashamba, kundi zima, mdogo akauliza mbona hawana dole gumba, na kweli hawana! Mtembezaji akatwambia wanakula majani na matunda machanga, na makaa pia, tena makaa haya haya ya jikoni, yanawasaidia na sumu ya majani ya miembe na mikungu (ile miti ya kungu). Asili yao dunia nzima ni Unguja yetu hii tu. Ndo maana iliniuma kuona watu wanawasogelea mpaka puani wapige selfi, jamani wanashika maradhi yetu wale, kaeni mbali kidogo.

Sasa wengi wakishaona kima wanarudi garini. Msirudi! Vukeni barabara mwende mikokoni upande wa kijiji cha Pete, kuna njia ya mbao inapita katikati ya mikoko, na ulizieni maji ya bahari yanajaa saa ngapi kabla hamjatoka nyumbani. Sie tumefika ndo yanaanza kujaa, kaa wanakimbilia mashimoni huku maji yanaingia pole pole kwenye mizizi, baada ya muda visamaki vinapita chini ya miguu yetu, watoto kimyaa, na hawa si watu wa kunyamaza. Nikawaonesha mkoko nkawaambia boriti za nyumba ya bibi zimetoka kwenye miti kama hii, na vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba vile kwasababu boriti ndo urefu wake umeishia hapo. Hawakuniamini.

Kwangu nyota tano, na nne kati yake ni za mikoko. Usiku mdogo kalala chali chumbani kwa bibi anahesabu boriti za dari, kafika 14 usingizi ukamchukua.