TAHADHARI: "dawa ya asili ya ukurutu" ya mbwa na paka inayouzwa kwenye chupa haina lebo, msiwapake paka wenu

Jamani wenye mbwa na paka, hasa wa Dar, naomba msome hii na mumtumie yeyote mnayemjua anafuga. Kuna mtu anauza mtandaoni chupa ya plastiki haina lebo wala nini, anaiita dawa ya asili ya ukurutu, fangasi, viroboto, kupe, yaani kila kitu, mbwa kwa paka, 25,000 na boda anakuletea mpaka mlangoni. Hamna cha asili hapo. Ni dawa ya kuogeshea ng'ombe imehamishwa chupa, na kwa paka ni sumu. Paka wetu nusura afe, na kuna dada mmoja wa Kinyerezi tumewasiliana, yeye kitoto chake cha paka kimekufa kabisa.

Ilianzia kwa mbwa. Alikuwa anajikuna usiku kucha, pembeni ya masikio na viwikoni, manyoya yananyonyoka, ngozi inakuwa nene ina magamba, halafu mdogo wangu anayemwogesha naye akaanza kutoka vipele mikononi na tumboni. Huyo muuzaji ana picha kibao za "kabla na baada", komenti za watu wanashukuru, na ukimuandikia anajibu hapo hapo kwa upole, mara dada angu mara mpenzi. Ukimuuliza ina nini ndani anakwambia mwarobaini, mafuta ya nazi na mizizi ambayo ni siri ya babu yake. Nikamuuliza waziwazi, nina paka pia ndani na ana kipara cha duara karibu na sikio, naye nimpake? Akanijibu kwa voisi, ninayo mpaka leo, "paka ndo inamfaa zaidi, mpake mwili mzima usimwoshe, haina kemikali hata kidogo". Hela unatuma kwanza, jina linalotokea kwenye simu ni la mtu mwingine kabisa, ukiuliza anasema ni la mke wake.

Ilivyofika ni chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, kifuniko kimezungushiwa selotepu, ndani kuna kimiminika cha njano iliyofifia, ukikidondoshea kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa. Na harufu yake inapanda puani, ni kali, mtu aliyekulia kwenye ng'ombe akinusa tu anakwambia hii ni harufu ya josho. Mwarobaini haunuki hivyo, na mafuta ya nazi ukiyatia kwenye maji yanaelea juu, kila mtu aliyewahi kupika anajua.

Paka kapakwa asubuhi kama alivyoelekeza. Mchana kalegea, anatembea anayumba miguu ya nyuma haimsikii, anatapika, mate yanamtoka, ukimshika mwili wa baridi. Nikampigia yule muuzaji, bila hata kushtuka akasema hiyo ni dawa inatoa sumu mwilini, mpe maziwa na nusu ya Panadol atulie. Hapa naomba mnisikilize vizuri hata kama mengine mtayaruka. PANADOL NI SUMU KWA PAKA. Ini la paka haliwezi kuivunja, damu yake inaharibika inashindwa kubeba hewa, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Na maziwa hayaondoi sumu yoyote hiyo, tuache hiyo imani. Mtu anayekwambia umpe paka Panadol hajui anachofanya au hajali, na yote mawili ni hatari.

Daktari wa mifugo tuliyemkimbilia alifungua ile chupa akanusa, akamsikiliza paka moyo, unapiga polepole sana, joto limeshuka, akasema hii ni amitrazi, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe. Akamuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, akamfunika na taulo, akamtundikia dripu na kumchoma sindano ya kupambana na hiyo sumu. Alipona, ila alikaa siku kadhaa hali chakula vizuri.

Sasa alichonielezea ndo nataka kifike kwa wengi. Amitrazi ni dawa halali kabisa, wafugaji wanaitumia kila siku kwa kupe wa ng'ombe, na hata kwa mbwa madaktari wameitumia miaka mingi kwa aina fulani ya ukurutu, ila inapimwa na kuchanganywa na maji kwa kipimo na mbwa anaangaliwa. Paka hapakwi. Na ile ya ng'ombe inakuja nzito, imeandikwa mls ngapi kwa lita ngapi za maji, sasa ikishahamishiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa nani anajua ulichopaka ni nguvu kiasi gani? Halafu paka kila unachompaka anakilamba, hiyo ndo tabia yake, kwaiyo "kupaka tu" kwa paka maana yake ni kumnywesha.

Na sio amitrazi peke yake. Kuna dawa za kupe na viroboto zenye pamethrini na saipamethrini, mbwa anazivumilia lakini paka anatetemeka mwili mzima, anapata degedege, wengi wanakufa. Kwaiyo hata ukinunua kitu halali dukani, kama pakiti imeandikwa ya mbwa usimgawie paka, hata kidogo, hata tone.

Kingine kinachoonyesha kwamba huyu mtu anauza uongo, pale kwa daktari tulikuta mbwa na paka wetu wanaumwa vitu viwili tofauti kabisa. Mbwa, daktari alimkwangua ngozi kwa kiwembe mpaka damu ikachungulia kidogo, akapaka kwenye kioo na tone la mafuta, akaweka kwenye hadubini akaniita nichungulie, mdudu wa mviringo ana vimiguu vifupi anatambaa. Huo ndo ukurutu unaoambukiza, ndo maana mdogo wangu alikuwa na vipele. Paka akazimiwa taa ya chumba akamulikwa na taa ya zambarau, vinywele vya pale penye kipara vikawaka kijani. Fangasi hiyo, mapunye, inaambukiza watoto pia. Huyu ni utitiri, yule ni fangasi, dawa haziingiliani hata kidogo, na kuna ukurutu mwingine tena unaowapata sana watoto wa mbwa usoni na kuzunguka macho ambao hauambukizi, na kuna mzio wa viroboto ambao mbwa anajitafuna mgongoni karibu na mkia. Wote kwa macho ni "mbwa kanyonyoka". Ndo maana chupa moja ya kila kitu haiwezi kuwa kweli.

Mbwa alipewa kidonge cha kutafuna kulingana na kilo zake, paka akapewa dawa ya fangasi ya kumeza, na tukaambiwa tufue kila alipolalia na kufagia manyoya kila siku maana mbegu za ile fangasi zinakaa ndani ya nyumba miezi mingi. Jumla ilizidi bei ya ile chupa ndio, sitaki kuwadanganya, ila kupimwa ngozi kwenyewe haikuwa gharama ya kutisha kama watu wanavyosema.

Kuna watakaosema mbona wengine wamesifia. Zile picha nimekaa nikazikuza. Mbwa wa "kabla" ana soksi nyeupe mguu wa mbele wa kushoto, wa "baada" miguu yote kahawia na sikio moja limelala. Mbwa wawili tofauti! Komenti yangu ilifutwa papo hapo, ya yule dada ilifutwa, akatublok wote, kisha peji ikabadilishwa jina, picha zile zile. Na inawezekana wapo wenye mbwa walioona nafuu kweli kwa sababu amitrazi inaua utitiri na kupe, mimi sibishi, ila hiyo haimpi ruhusa ya kuwauzia wenye paka. Pia nimeambiwa na mwingine kwamba huyo muuzaji alimtumia krimu na mbwa wake akaacha kujikuna siku hiyo hiyo, akafurahi, baada ya muda ikarudi mara mbili. Krimu nyingi za hivyo zina steroidi, inazima muwasho huku utitiri au fangasi wanaendelea kujiachia kwenye ngozi. Kuacha kujikuna sio kupona.

Kabla hujatuma hela kwa mtu yeyote angalia kama dawa ina jina la kiambato, kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na imeandikwa ni ya mnyama gani. Dawa za mifugo nazo zinasajiliwa TMDA, yaani mamlaka ya dawa na vifaa tiba, sio za binadamu tu. Na anayejiita dokta muulize namba yake ya usajili Baraza la Veterinari, sheria ipo tangu 2003, daktari wa kweli hakasiriki ukimuuliza.

Kama umeshampaka paka wako hiyo kitu usisubiri dalili. Muoshe sasa hivi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, wewe vaa glavu au hata mfuko wa nailoni mikononi, mkaushe, mfunike apate joto, mzuie asijilambe, usimtapishe, usimpe kitu mdomoni, na mkimbize kwa daktari NA CHUPA YAKE. Chupa ndo inamwambia daktari aanzie wapi.

Mliokwisha kununua msitupe zile chupa. Mimi na yule dada wa Kinyerezi tunataka kuzipeleka maabara ya veterinari ya TVLA pale Temeke zipimwe tupate karatasi, tukishakuwa nayo tunaenda TMDA na polisi pamoja, wengi tukiwa pamoja ndo tutasikilizwa. Namba aliyopokelea hela itume 15040 ile ya kuripoti matapeli. Na ukikutana na peji yenye yule mbwa mwenye soksi nyeupe, kwa jina lolote litakalokuwa limebadilishwa, piga skrinishoti kwanza kabla hujakomenti chochote, maana ukikomenti tu anakublok na ushahidi unapotea, kisha nitumie inboksi.